Jumatatu mwenzetu anaitwa ofisini, bastola iko kwenye gari pakingi, na vitisho kavisema kwa Kiswahili. Nifanyeje?

#1 Mtu wa Paleti (mleta uzi), Ijumaa alfajiri

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimetoka shifti ya usiku, nimekaa kwenye gari nje ya nyumba na sioni hata haja ya kuingia kulala.

Nafanya kazi kwenye ghala moja kubwa huku Texas, pembeni ya Dallas. Jina la kampuni siliweki. Shifti yetu Waswahili tuko kumi na mmoja: Wakongo wengi, Wakenya wawili, mimi, na Mtanzania mwenzangu mmoja. Tumwite Chifu. Si jina lake wala halikaribii.

Chifu ana grini kadi na ana bastola. Ameinunua dukani, kajaza fomu, kachunguzwa, kapewa. Inakaa kwenye kikasha cha chuma kilichofungwa kwa waya chini ya kiti cha dereva. Ukimwuliza ya nini, atakwambia walishamvunjia nyumba mara mbili na kazini anatoka saa tisa usiku. Hapo sina neno naye.

Shida ilikuja na supavaiza mpya. Anahesabu kila mtu kaskani mizigo mingapi kwa saa, ukishuka unapewa karatasi ya onyo. Karatasi tatu, unarudisha beji. Chifu anazo mbili na Jumatatu ameitwa ofisini saa nane mchana, kabla ya shifti.

Jana kwenye mapumziko alikuwa anapasha wali wake kwenye maikrowevu, ametupa mgongo. Akasema, tena bila kupandisha sauti: "Wakinipa ile karatasi Jumatatu, watanitambua. Mtu atalia humu ndani." Tukacheka. Mkongo mmoja hakucheka. Maikrowevu ikalia, Chifu akatoa kontena lake, akala mpaka punje ya mwisho, akanawa kijiko.

Ukutani, juu ya hiyo maikrowevu, kuna lile tangazo la kuripoti vurugu kazini. Lina namba ya kupiga na limeandikwa Kiingereza na Kihispania. Nililisoma lote wakati anakula.

Naomba mnisaidie mawili. Kwanza, kampuni inaweza kumkataza kuja na hiyo bastola? Pili, hayo maneno nayapelekaje? "Watanitambua" ukiiweka kwa Kiingereza neno kwa neno inakuwa kama mtu anasubiri tuzo. Na "mtu atalia" bibi yangu alikuwa anaisema kila siku akitafuta mwiko. Nikiipeleka laini, wataniona mpuuzi. Nikiipeleka kali, kesho polisi wako mlangoni kwa mtu mwenye mke na watoto wawili ambaye mimi mwenyewe ndiye nilimwombea kazi.

#2 Kibiriti

Mkuu, kuna namba ukutani na wewe umekuja kutuandikia insha?

#3 Mwindaji wa Amarillo

Kaka, shusha pumzi. Nina bunduki tatu na bastola moja, niko Texas mwaka wa kumi na tano. Kuhusu swali lako la kwanza jibu ni hapana. Tangu Septemba 2011 mwajiri wa Texas hawezi kumkataza mfanyakazi kuacha silaha halali ndani ya gari lake binafsi lililofungwa, hata kama pakingi ni ya kampuni. Hata risasi zinalindwa. Ndani ya jengo ni habari nyingine, huko wanaweza kukataza. Magari ya kampuni pia wanaweza.

Na sheria hii haikutoka hewani. Oklahoma mwaka 2002, kiwanda cha karatasi cha Weyerhaeuser pale Valliant walileta mbwa wa kunusa pakingi. Wakawafukuza wafanyakazi kadhaa kwa bunduki zilizolala kwenye magari, msimu wa kuwinda huo. Watu wa kijijini, bunduki ya kulungu iko nyuma ya kiti miaka yote, leo unaambiwa nenda. Ndipo majimbo yakaanza kutunga sheria moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo usiende ofisini ukaanza na "ana bastola". Utakuwa umemchongea kwa jambo ambalo si kosa. Silaha haina mdomo, aliyesema ni mtu.

#4 Si Wakili Wako

Mwindaji kasema sawa. Niongeze, kwa sababu watu wetu wanachanganya sana.

Wengi mnadhani ni Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya kuwa na silaha, yanayomlinda Chifu pakingi. Siyo. Yale ya 1791 yanaifunga serikali mikono. Bosi wa ghala si serikali. Hata kesi kubwa za Mahakama Kuu ya Marekani, Heller ya 2008 na Bruen ya 2022, zilikuwa zinahusu sheria za Washington na New York, hazihusu kanuni za kiwanda. Kinachomlinda Chifu ni sheria ya kazi ya jimbo la Texas. Akihamia jimbo lisilo na sheria ya namna hiyo, kampuni inaweza kumwambia asikanyage pakingi na silaha na ikawa ndiyo basi.

Waajiri walipigana. Oklahoma walikwenda mahakama ya shirikisho, kampuni kubwa ya mafuta ConocoPhillips ikiwa mstari wa mbele, wakasema: sheria ya usalama kazini ya 1970 inatutaka tuondoe hatari zinazojulikana, ninyi mnatulazimisha tupokee bunduki, sasa tumtii nani? Jaji wa kwanza akawakubalia mwaka 2007. Februari 2009 mahakama ya rufaa ikaigeuza hukumu, ikasema OSHA, idara ya shirikisho ya usalama kazini, haijawahi kutunga kanuni inayokataza silaha pakingi, kwa hiyo hakuna mgongano. Tangu hapo mlango ule umefungwa.

Florida 2008 ilikuwa kichekesho. Sheria yao ina msamaha kwa sehemu zenye kibali cha shirikisho cha baruti. Disney wakasema sisi tuna fataki, tuna kibali, haituhusu. Mlinzi wao mmoja akaja na bastola kwenye gari kuwapima, akafukuzwa.

Sasa rudini Texas, kuna vipengele ambavyo watu hawasomi. Kifungu hicho hicho kinachomlinda mwenye silaha kinamlinda na mwajiri: silaha iliyokuwa kwenye gari ikija kumdhuru mtu, mwajiri hadaiwi, isipokuwa kwa uzembe wa kupindukia. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano. Na jingine: sheria inasema *mfanyakazi*. Chifu akirudisha beji Jumatatu saa nane na robo, saa nane na nusu yeye si mfanyakazi. Kampuni inaweza kumwambia ondoka eneo letu, na akibaki ni uvamizi.

Kwa hiyo hatari kubwa ya uzi huu ni ile dakika kumi na tano. Kutoka kiti cha ofisini mpaka kiti cha dereva.

#5 Kibiriti

Hiyo sentensi ya mwisho imenikalisha vizuri kwenye kochi. Natoa utani wangu #2.

#6 Mama Furaha 502

Bandugu, mimi niko Louisville, Kentucky, tulifika 2015 kutoka kambi ya Nyarugusu. Nasoma hii maneno na roho inaruka.

Hapa muji yetu, Aprili 2023, mufanyakazi wa benki aliua benzake batano asubui, kazini. Bunduki alinunua siku sita tu mbele, kwa duka, na makaratasi yote. Kwa hiyo musiniambie "iko na karatasi". Karatasi inaonyesha jana yake ilikuwa muzuri, haionyeshi kesho.

Kwetu Fizi, kule Kongo, mutu akisema "mutaniona", haungojei akuonyeshe. Unabeba mutoto, unatoka. Batu ya hapa banazani tuko na woga ya bure.

Kaka, ule Mukongo hakucheka. Umuulize kwa nini hakucheka. Usimuulize mbele ya batu.

#7 Mzee wa Njiro

Nyie wa Marekani mna mambo. Huku Arusha silaha kazini ni ya mlinzi getini, tena ni gobore la kampuni, anakabidhiwa jioni kwa kusaini na kuirudisha asubuhi. Mtu binafsi akitaka bastola anaanzia serikali ya mtaa, anapanda mpaka wilaya, polisi wanamchambua, na sheria ya 2015 inataka awe ametimiza miaka 25. Hapo katikati kila mwenyekiti anayekujua tabia anaulizwa. Mtu wa "watanitambua" asingevuka kwa mjumbe.

#8 Mwindaji wa Amarillo

Mzee shikamoo. Lakini asiyevuka kwa mjumbe ni yupi? Yule asiye na pesa au yule mwenye hasira? Tusidanganyane, wote tunamjua mwenye nazo aliyeipata kwa wiki mbili na anaiweka mezani baa ili watu waone.

#9 Mzee wa Njiro

Marahaba. Hilo nalo neno.

#10 Namba Hazidanganyi

Niwaletee takwimu maana humu ni hisia tupu. Mwaka 2022 watu 524 waliuawa kwa makusudi wakiwa kazini Marekani, hesabu za idara yao ya takwimu za kazi. Na kuna utafiti wa North Carolina uliotoka 2005 kwenye jarida la afya ya jamii: sehemu za kazi zilizoruhusu wafanyakazi kuwa na bunduki zilikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kutokea mauaji kuliko zilizokataza. Mara tano, jamani.

#11 Mwindaji wa Amarillo

Nilijua utaleta huo. Nani anaruhusu bunduki kazini? Mwenye duka la pombe la usiku, mwenye teksi, mwenye kituo cha mafuta ambaye kaibiwa mara nne. Bunduki imefuata hatari au hatari imefuata bunduki? Mauaji mengi ya kazini ni ujambazi kaunta, hao hawakuja na beji. Ukienda hospitali utakuta wagonjwa wengi, utasema hospitali inaumiza watu?

#12 Namba Hazidanganyi

Watafiti waliliangalia hilo, walipima aina ya biashara na historia ya uhalifu pia, tofauti ikabaki. Lakini nakubali haiwezi kukata mzizi wote, na utafiti ule haukuwa wa pakingi peke yake.

Nikupe jingine basi ambalo hata wewe hutabisha: bunduki nyingi zinazoibwa nchi hii zinaibwa kwenye magari. Pakingi ya ghala yenye magari mia tatu, kila mtu yuko ndani masaa kumi, mwizi anajua saa ya mapumziko. Haki ya kuweka silaha kwenye gari inakuja na watu kuiacha kwenye droo ya dashibodi kama miwani.

#13 Mwindaji wa Amarillo

Hapo nimekaa kimya. Wanaoacha kwenye droo wananitia aibu. Angalau Chifu ana kikasha na waya.

#14 Dada wa Zamu, Houston

Habari zenu. Mimi ni msaidizi wa wauguzi. Mnaongea sana kuhusu mfanyakazi mwenye hasira. Kwangu mimi aliyekuja na bastola alikuwa mume wa mwenzetu.

Alijua ratiba yake, alijua anapaki wapi, alijua saa kumi na moja alfajiri anatoka kumwita mwenzake wa zamu. Mume hakuwa mfanyakazi wa pale, hakuna karatasi ya onyo ambayo ingemhusu. Tulichoweza ni kumbadilishia mlango wa kutokea, kumpa mlinzi picha, na kumsindikiza hadi garini miezi miwili. Bastola alikuja kunyang'anywa kwa amri ya mahakama ya kumlinda mke, ofisi yetu haikuweza kitu. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye amri ya namna hiyo kuwa na silaha, na Juni 2024 Mahakama Kuu iliithibitisha, majaji wanane kwa mmoja, kwenye kesi ya Rahimi. Huyo Rahimi alikuwa wa hukuhuku Texas, na ugomvi uliomletea amri hiyo aliufanya pakingi, akamburuta mama mtoto wake mpaka kwenye gari na kufyatua risasi alipoona mpita njia anawatazama.

Kwa hiyo anayesema haki ya silaha haiguswi, inaguswa. Inaguswa na jaji akishasikia pande mbili. Meneja wa ghala hawezi kuigusa, na uvumi wa kwenye maikrowevu hauwezi pia.

Na hospitali za Texas tangu Septemba 2024 lazima ziwe na mpango wa kuzuia vurugu, ni sheria. Maghala hamna. California wao kuanzia Julai 2024 karibu kila mwajiri lazima awe nao kwa maandishi na awafundishe watu kwa lugha wanayoielewa.

#15 Mtu wa Paleti (mleta uzi), Ijumaa jioni

Asanteni. Nimelala masaa matatu. Nimesoma yote.

Mwindaji, nimekuelewa: nisianze na bastola. Lakini niambie ukweli wako. Wangesema hayo maneno watu wawili, mmoja ana kikasha chini ya kiti na mwingine anakuja na basi, ungewaogopa sawa?

#16 Mwindaji wa Amarillo

Hapana. Nisingewaogopa sawa. Ningewaripoti sawa.

#17 Nyika ya Illinois

Wadau, mimi Mkenya, niko Aurora, Illinois. Nimekuwa nikisoma tu lakini hii siwezi kupita.

Februari 15, 2019 hapa kwetu, kiwanda cha valvu cha Henry Pratt. Jamaa ameitwa ofisini kufutwa, miaka kumi na mitano ndani ya kampuni. Kikao kikiendelea akatoa bastola. Alipiga wenzake watano wakafa, mmoja wao kijana wa chuo aliyekuwa anaanza mafunzo ya HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, siku hiyohiyo. Polisi watano pia walipigwa risasi.

Sasa sikilizeni vile ripoti ya mwendesha mashtaka ilisema baadaye. Asubuhi ile alimwambia mwenzake wa kazi kwamba wakimfuta ataua kila mtu. Mwenzake hakusema kwa mtu, kwa sababu jamaa alizoea kuongea vitu vya ajabu ajabu. Ilikuwa Kiingereza safi, hakuna wa kutafsiri, na bado haikufika.

Na bastola yenyewe hakupaswa kuwa nayo. Alikuwa na hatia ya kosa kubwa Mississippi, kadi yake ya silaha ilifutwa na jimbo 2014, akaandikiwa barua arudishe. Hakuna aliyeenda kuichukua. Illinois hii si Texas, huku sheria ni kali. Sheria ilikuwa kwa karatasi, bastola ilikuwa kwa mfuko.

Niliwajua watu waliofanya hapo. Wacha nisiseme zaidi.

#18 Kibiriti

Pole sana, ndugu yangu.

#19 Wanjiru HR

Pole, Nyika.

Mtu wa Paleti, nimefanya kazi ya HR miaka minane huku Minnesota. Nikwambie tunachokitaka, na tusichokitaka.

Hatutaki tafsiri yako, wala neno "anatishia". Andika maneno yenyewe, kwa Kiswahili, kama yalivyotoka: nani, lini, wapi, nani alikuwepo, alikuwa anafanya nini na mikono yake. Halafu chini yake uandike: maneno haya kwetu hutumika hivi na pia hivi. Usichague wewe. Habari ya bibi na mwiko nayo iandike, ni ushahidi.

Halafu kuna kitu tunatafuta ambacho si ukali wa neno. Hasira ya mdomo haina anwani. Mtu akianza kuuliza fulani anatoka saa ngapi, anapitia mlango gani, au akianza kugawa vitu vyake, au anaaga watu ambao haagi, hapo tunaacha kupima maneno. Je, kuna yeyote amesikia kitu cha namna hiyo?

Kuhusu bastola: ukiulizwa, sema unachojua. Usipoulizwa, weka kwenye mstari mmoja bila kuipamba, kwamba anamiliki kihalali na hajawahi kuitoa kazini. Ukiificha wakaja kuijua Jumatatu, watakuona ulikuwa unamlinda. Ukiitanguliza, watapaniki na kumfukuza kwa simu, na mtu aliyefukuzwa kwa simu bila kusikilizwa ndiye anayerudi.

Na wewe binafsi uogope hili kwa niaba yake: huko Texas kumtisha mtu kwa maneno peke yake ni kosa la jinai, hata bila silaha. Mwenye grini kadi akija kuhukumiwa kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao. Kumwahi mapema ni kumlinda yeye pia. Mimi ningempigia simu mwenyewe, kama rafiki. Ila kuripoti kusisubiri hiyo simu.

#20 Kasuku wa Kigoma

Mimi naona mnamwuza mtu tu. Mswahili kamwambia Mswahili mwenzake, limetoka nje. Kesho tutaogopana hata kucheka.

#21 Mama Furaha 502

Kasuku, wewe unakaa wapi na ule supavaiza? Iko na mama, hata yeye.

#22 Mtu wa Paleti (mleta uzi), Jumamosi usiku

Nimemwona yule Mkongo. Nilikwenda kwake, tukakaa nje, mkewe katuletea chai na mikate ya mafuta. Sikumzungusha. Nilimwuliza kwa nini hakucheka.

Akanyamaza muda. Akasema Jumanne, wakati wa kubadili shifti, Chifu alimwuliza yeye Mkongo: yule supavaiza anapaki upande gani?

Nimekaa na hiyo kauli kwenye gari dakika ishirini. Inaweza kuwa mtu anataka kumwomba msamaha faragha. Kweli inaweza. Nikampigia meneja wa usalama hapohapo, namba yake iko kwenye kofia zetu ngumu kwa ndani. Alipokea mlio wa pili, nyuma kulikuwa na watoto wanaogelea.

Nimemtumia maneno kama Wanjiru alivyosema. Mistari kumi na moja. Mwiko umo.

#23 Si Wakili Wako

Umefanya ilivyopaswa. Usifute ujumbe wowote kwenye simu yako.

#24 Kibiriti

Jumatatu usiende karibu na ile ofisi, mkuu.

#25 Mtu wa Paleti (mleta uzi), Jumatano ya wiki iliyofuata

Naleta mrejesho kama nilivyoahidi wengine inboksi.

Jumapili walinipigia wakiwa na mkalimani kwenye laini. Dada wa watu, Kiswahili chake kizuri sana, cha kitabuni. Alipofika "watanitambua" akasema kwa Kiingereza kwamba wataufahamu utambulisho wangu. Nikaomba kumkatiza. Tulibishana kidogo kwa adabu, meneja akisubiri, mpaka tukakubaliana kwenye "watajuta kunichukulia poa". Akasema asante, sasa naelewa ukubwa wake.

Kikao cha Jumatatu hakikufanyika. Walimpigia Chifu Jumapili jioni, wakamwambia akae nyumbani siku tatu na mshahara unalipwa, wanapitia rekodi zake. Hakuna polisi aliyekwenda. Meneja wa usalama na mtu mmoja kutoka makao makuu wakakutana naye Jumanne kwenye mgahawa. Walimwomba bastola iwe inabaki nyumbani kwa muda. Wakasema wazi ni ombi, hawana uwezo wa kuamuru. Akajibu atafikiria.

Kuhusu swali la pakingi, alisema alitaka kumkuta supavaiza peke yake kwa sababu mbele za watu Kiingereza chake kinakwama. Sijui. Walipopitia rekodi wakakuta skana aliyokuwa anapewa ni moja tu, ile yenye betri inayokufa, na kila ikizima ilikuwa inakula hesabu ya robo saa. Alikuwa ameisema mara tatu. Karatasi zote mbili zimechanwa. Amehamishiwa shifti ya mchana, leo karudi.

#26 Mwindaji wa Amarillo

Betri!

#27 Wanjiru HR

Waombe na tangazo la ukutani liandikwe kwa Kiswahili pia. Sheria ya Texas ya 2023 inawataka Kiingereza na Kihispania, haiwakatazi kuongeza.

#28 Mtu wa Paleti (mleta uzi)

Nimeshaliandika mwenyewe, wanalipitia. Neno "vitisho" limenipa kazi, Wakongo wanataka "matisho".

#29 Dada wa Zamu, Houston

Na anajua ni wewe?

#30 Mtu wa Paleti (mleta uzi)

Tuko kumi na mmoja, dada. Anajua.

Leo tumekutana getini, yeye anatoka mimi naingia. Kapaki mbali kabisa, kule kwenye uzio. Nikamsalimia, hakuitikia. Ila alinishikia mlango.